Kuuliza Si Ujinga: Jinsi Linux Ilivyojifunza Kuitambua Mashine ya Kanda

Tarehe 27 Februari 2011, baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua akaunti zao wakakuta hakuna kitu. Barua za miaka mingi, picha, mawasiliano ya kazi, vyote havipo. Siku iliyofuata Google ilieleza kilichotokea: toleo jipya la programu yao ya kuhifadhi data lilikuwa na hitilafu, na hitilafu hiyo iliharibu nakala za barua kwenye vituo zaidi ya kimoja. Walioathirika walikuwa takriban asilimia 0.02 ya watumiaji wote. Barua zao zilirudishwa kutoka kwenye kanda.

Ndiyo, kanda. Ndugu yake na zile kaseti za taarab na dansi ambazo watu walizizungusha kwa kalamu ya Bic zilipojinyonga ndani ya redio. Kwa kuwa kanda za Google zilikuwa zimekaa kando, nje ya mfumo unaofanya kazi, hitilafu haikuzifikia. Ndiyo maana hata leo taasisi kubwa, kuanzia mabenki hadi maabara ya CERN kule Uswisi, bado zinahifadhi data kwenye kanda.

Hadithi ya kanda kuokoa watu husimuliwa mara nyingi. Ile isiyosimuliwa ni ya swali dogo linalotangulia uokoaji wenyewe. Seva ina kebo kadhaa nyuma yake, na kwenye ncha ya kebo moja kuna mashine ya kanda. Seva inajuaje kwamba kifaa kile ni mashine ya kanda na si diski? Zikiwa mashine mbili, inajuaje ipi ni ipi? Ukikosea hapo, unaweza kuandika nakala ya leo juu ya nakala ya mwaka jana, na hakuna atakayegundua mpaka siku ya kuihitaji.

Tulifuatilie swali hilo tangu mwanzo wake, miaka sabini na zaidi iliyopita. Kwa muda mrefu mashine ya kanda ilitambuliwa kwa mahali ilipokaa. Kazi kubwa ya wahandisi, kidogo kidogo, imekuwa kuhama kutoka swali la "umekaa wapi?" kwenda swali la "wewe ni nani?"

Enzi ya namba ya kuzungusha

Kanda ya sumaku yenyewe ilianzia Ujerumani, ambako Fritz Pfleumer alipata hataza yake mwaka 1928, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kurekodi sauti. Kwenye kompyuta iliingia rasmi mwaka 1951, kompyuta ya UNIVAC I ilipokabidhiwa kwa Ofisi ya Sensa ya Marekani. Mashine zake za kanda ziliitwa UNISERVO, na kanda yake haikuwa ya plastiki. Ilikuwa ya chuma chembamba, upana wa nusu inchi, na kila inchi ya urefu ilibeba herufi 128. Mwaka uliofuata IBM nao walileta mashine yao ya kwanza, IBM 726, iliyotumia kanda ya plastiki.

UNIVAC iliweza kuunganishwa na UNISERVO hadi 10. Sasa, kompyuta ilizitofautishaje? Kwa namba tu. Ndani ya amri ya kusoma au kuandika kulikuwa na tarakimu moja iliyotaja mashine inayotakiwa. Programu ilisema "soma kutoka namba 3", na mashine namba 3 ikazunguka.

Kwenye mashine za IBM za miaka ya 1950 na 1960, kama 729, namba hiyo ilipangwa kwa mkono. Usoni mwa mashine, iliyokuwa kubwa kama kabati la nguo, kulikuwa na kitufe cha kuzungusha chenye tarakimu. Ukikizungusha kikaonyesha 3, basi mashine ile ikawa namba 3. Ikiharibika katikati ya kazi, opereta aliikata, akahamishia kanda kwenye mashine nyingine, akaizungushia namba 3, na programu ikaendelea bila kujua kwamba inaongea na mashine tofauti kabisa.

Mpango huu ulikuwa mzuri sana kwa jambo moja: jina la mashine lilionekana kwa macho. Opereta alisimama mbele ya safu ya makabati na kusoma namba kama mtu anayesoma namba za nyumba mtaani. Hatari yake ilikuwa kwamba namba haikusema chochote kuhusu kanda iliyokuwa ndani. Mashine namba 3 ingeandika juu ya kanda yoyote iliyopachikwa, iwe tupu au iwe na mishahara ya kampuni nzima.

Kwa hiyo walibuni kinga mbili. Ya kwanza ilikuwa pete ya plastiki iliyopachikwa nyuma ya gurudumu la kanda. Pete ikiwepo, mashine inaruhusiwa kuandika. Ikitolewa, inasoma tu. Ya pili ilikuwa kuandika jina ndani ya kanda yenyewe. Mfumo wa System/360, uliotangazwa na IBM mwaka 1964, ulitumia lebo ya herufi 80 mwanzoni mwa kanda, inayoanza na VOL1 na kufuatiwa na namba ya kanda yenye herufi sita. Kabla ya kuandika, mfumo ulisoma lebo. Ikiwa si kanda iliyotarajiwa, ulimwambia opereta alete nyingine.

Waliofanya hivyo walikuwa wametenganisha vitu viwili vinavyochanganywa hadi leo: jina la mashine na jina la kanda. Mashine ni kinywa, kanda ni maneno. Unahitaji kuvijua vyote viwili.

Unix yaleta jina la faili

Mwaka 1971, kwenye maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa na toleo la kwanza la Unix likifanya kazi kwenye kompyuta ndogo ya PDP-11. Wazo lao moja ndilo linalotuathiri mpaka leo: kifaa kiwe na jina kama faili. Ukitaka kusoma kanda, fungua faili lake ndani ya saraka ya /dev, usome kama unavyosoma barua.

Mwongozo wa toleo hilo la kwanza unataja mafaili tap0 hadi tap7. Hayo yalikuwa majina ya mashine nane za DECtape, kanda ndogo zilizotumiwa na kompyuta hizo. Na mashine hizo zilikuwa na gurudumu dogo la kupanga namba, 0 hadi 7. Yaani tap3 ilikuwa ile mashine uliyoizungushia 3. Jina la kwenye kompyuta na namba ya kwenye chuma vilikuwa kitu kimoja.

Chini ya jina hilo kuna namba mbili ambazo Linux imezirithi. Namba kuu inaonyesha ni draiva ipi inayohusika, yaani ile programu inayojua kuongea na aina hiyo ya kifaa. Namba ndogo inaiambia draiva hiyo ni kifaa kipi hasa kati ya vyake, na wakati mwingine kitumiwe kwa namna gani. Jina ni urahisi wa binadamu. Mfumo wenyewe unaangalia namba.

Mwaka 1979, toleo la saba la Unix lilileta amri ya tar. Leo wanafunzi wengi wanaijua kama njia ya kufungasha mafaili waliyopakua kwenye intaneti. Jina lake linatokana na kanda: ilitungwa kufungasha mafaili na kuyamwaga kwenye kanda, moja baada ya jingine, kwa sababu kanda haina njia ya mkato. Ukitaka kitu kilichoko mwisho, lazima upite mwanzo na katikati.

SCSI: kifaa chajitambulisha

Kwa muda mrefu, kompyuta iliambiwa na binadamu kuna nini kwenye ncha ya kebo. Mabadiliko makubwa yalikuja na SCSI, ambayo wahandisi huitamka "skazi". Ilitokana na kazi ya kampuni ya Shugart Associates, na ikawa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 1986. Lengo lilikuwa kebo moja ya pamoja inayoweza kubeba vifaa vya aina mbalimbali: diski, kanda, printa, skana.

Kebo ya awali ilikuwa na nafasi nane, 0 hadi 7. Kidhibiti chenyewe, yaani kadi iliyo ndani ya kompyuta, kwa kawaida kilichukua namba 7, vifaa vikagawana zilizobaki. Namba bado ilipangwa kwa mkono, kwa vipini vidogo au kitufe nyuma ya kifaa. Vifaa viwili vikipewa namba moja, kebo nzima inavurugika. Mpaka hapo ni mambo ya IBM 729 yaleyale.

Jambo jipya lilikuwa amri moja ndogo, namba 12 kwa hesabu ya heksadesimali, inayoitwa INQUIRY. Jina lake maana yake ni kuuliza. Waswahili wanasema kuuliza si ujinga, na hii ndiyo amri inayothibitisha methali hiyo. Kompyuta inaipeleka kwa kila nafasi kwenye kebo: uko hapo? Wewe ni nani?

Kifaa kinajibu kwa mpangilio uliokubaliwa. Ndani ya baiti ya kwanza kuna namba ya aina. Sifuri ni diski. Moja ni kifaa kinachosomwa kwa mfuatano, yaani kanda. Tano ni CD. Nane ni roboti ya kubadilisha kanda, ambayo tutaifikia. Kisha kuna herufi 8 za jina la mtengenezaji, herufi 16 za jina la modeli, na herufi 4 za toleo la programu iliyo ndani ya kifaa.

Sasa jibu la "wewe ni nani?" lilitoka kwenye kifaa chenyewe. Hakuna opereta anayehitajika kukumbuka.

Matoleo yaliyofuata ya SCSI yaliongeza kurasa za ziada za majibu. Ukurasa 80 wa heksadesimali unatoa namba ya siri ya utengenezaji. Ukurasa 83 unatoa kitambulisho cha kipekee ambacho hakirudiwi na kifaa kingine. Tofauti yake na jina la modeli ni kama tofauti ya "mimi ni fundi cherehani" na namba ya kitambulisho cha taifa. Mafundi cherehani ni wengi, lakini namba ile ni ya mtu mmoja.

Wale waliobishiwa hodi

Kabla hatujafika kwenye Linux ya leo, tusiwasahau maskini wa miaka ya 1990. SCSI ilikuwa ghali. Kwa kompyuta za nyumbani, watengenezaji walipata ujanja: mashine ndogo ya kanda iliyochomekwa kwenye kebo ya flopi. Katriji zake za QIC-40 na QIC-80 zilibeba makumi ya megabaiti, zikiokoa mtu asibadilishe flopi usiku kucha.

Shida ni kwamba kidhibiti cha flopi hakikuwa na habari kwamba kuna kitu kinaitwa kanda. Kilijua tu kusogeza kichwa cha flopi hatua moja mbele au nyuma. Kwa hiyo amri zilipelekwa kwa kuhesabu hatua: hatua kadhaa maana yake amri hii, hatua kadhaa zaidi maana yake nyingine. Ni kama watu wawili wanaowasiliana kwa kugonga ukuta.

Na kabla ya kugonga, lazima mashine iamke. Hapo kila mtengenezaji alikuwa na mtindo wake. Draiva ya Linux iliyoitwa ftape ilibisha hodi kwa mtindo mmoja. Isipojibiwa, ikabisha kwa mtindo mwingine, mpaka mlango ufunguliwe. Namna ya kubisha iliyoitikiwa ndiyo iliyoonyesha nani yuko ndani. Draiva hiyo iliondolewa kwenye kerneli ya Linux mwaka 2007, mashine zenyewe zikiwa zimeshakwenda na maji. Imebaki kama kumbukumbu ya jinsi utambuzi unavyokuwa kazi ngumu pale ambapo hakuna lugha ya pamoja ya kuuliza.

st0, nst0 na herufi moja inayofuta

Kwa kanda za SCSI, Linux ilipata draiva inayoitwa st, ambayo kwa miaka mingi ilitunzwa na Kai Mäkisara wa Finland. Namba yake kuu ni 9. Mashine ya kwanza inayoonekana inaitwa /dev/st0, ya pili /dev/st1, na kuendelea.

Ila kila mashine ina majina zaidi ya moja. Pamoja na /dev/st0 kuna /dev/nst0. Ni mashine ileile, kichwa kilekile, kanda ileile. Tofauti ni namba ndogo: st0 ni 0, nst0 ni 128. Na tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Ukitumia st0, kanda inarudishwa mwanzo kila unapomaliza kazi. Ukitumia nst0, inabaki pale ulipoishia.

Hebu fikiria chuo kinachofanya nakala za usiku. Skripti inafungasha kwanza kumbukumbu za mitihani, halafu kumbukumbu za ada. Ikiandikia /dev/nst0, kanda inakuwa na mafungu mawili yaliyofuatana. Ikiandikia /dev/st0, fungu la kwanza linaandikwa, kanda inarudi mwanzo, fungu la pili linaandikwa juu ya la kwanza. Amri zote mbili zitatoa ujumbe kwamba kazi imekamilika. Asubuhi kila kitu ni kijani. Kumbukumbu za mitihani hazipo, na kosa lote ni herufi moja.

Ndiyo maana wakongwe wa kazi hii husisitiza kwamba kutambua mashine ya kanda hakuishii kwenye kujua ipo. Lazima ujue pia unaiingia kwa mlango upi.

Tatizo la kupewa jina kwa foleni

Sasa tazama tena jina st0. Lile 0 limetoka wapi? Halikutoka kwenye kitufe chochote. Linux inapowaka inapita kwenye vidhibiti na kebo zake, inauliza INQUIRY kila mahali, na mashine ya kanda ya kwanza kujibu inapewa 0. Inayofuata inapewa 1. Ni majina ya foleni, kama namba unayopewa benki. Leo wewe ni 14, kesho utakuwa 52, na hakuna kilichobadilika kwako.

Wakati wa SCSI ya kebo pana foleni hii ilitabirika, kwa kuwa nafasi zilipangwa kwa mkono na kukaguliwa kwa utaratibu. Ila ukiongeza kadi mpya, foleni inabadilika. Mashine moja ikizimwa kwa matengenezo, iliyokuwa st1 inaamka ikiwa st0. Na teknolojia zilizofuata, Fibre Channel na SAS, ziliondoa kabisa ile namba ya kupanga kwa mkono. Kebo ikihamishwa kutoka tundu moja kwenda jingine, mpangilio unaweza kuwa mwingine.

Tatizo linakuwa kubwa zaidi panapokuwa na roboti. Maktaba ya kanda ni kabati lenye rafu za katriji, mkono wa roboti, na mashine mbili au zaidi za kusomea. Kwa SCSI, mkono ule ni kifaa kinachojitegemea, ile aina namba 8, na kwenye Linux huongozwa kwa amri ya mtx. Mkono una hesabu yake: mashine 0, mashine 1, kwa mpangilio wa ndani ya kabati. Linux nayo ina hesabu yake: st0, st1, kwa mpangilio wa foleni. Hesabu hizi mbili hazijawahi kuahidiana kulingana.

Kwa hiyo unaweza kuiambia roboti "weka kanda ya leo kwenye mashine 0", kisha ukaiambia Linux "andika kwenye nst0", na maneno yakaenda kwenye mashine nyingine kabisa, yenye kanda ya mwezi uliopita. Ni ajali ya mtu mwenye mikono miwili anayemwita kila mkono jina la mwenzake.

Jina linalobaki

Watu wa Linux walilijua tatizo hili kwa vifaa vyote, si kanda peke yake. Mwanzoni saraka ya /dev ilijazwa mamia ya majina yaliyotengenezwa mapema, kifaa kiwepo kisiwepo. Kuona /dev/st0 hakukuwa ushahidi wa chochote. Jaribio la kwanza la kurekebisha, devfs la Richard Gooch, liliingia kwenye kerneli mwaka 2000, likaondolewa mwaka 2006. Lililoshinda ni udev, lililoanzishwa mwaka 2003 na Greg Kroah-Hartman.

Wazo la udev ni rahisi kueleza. Kerneli ikigundua kifaa, inatangaza. Programu iliyo nje ya kerneli inasikia tangazo, inakiuliza kifaa maswali, kisha inatengeneza majina kulingana na majibu. Jina la foleni linabaki, ila pembeni yake yanaongezwa majina ya kudumu.

Kwa kanda, majina hayo yako kwenye saraka mbili. Ile ya /dev/tape/by-path ina majina yanayotokana na njia: kadi ipi, tundu lipi. Ile ya /dev/tape/by-id ina majina yanayotokana na kitambulisho cha kifaa chenyewe, na yale yenye -nst mwishoni ni ya mlango usiorudisha kanda. Ukiangalia kwa makini, saraka hizi mbili ndiyo historia yetu yote kwa ufupi. Ya kwanza inajibu "umekaa wapi?" Ya pili inajibu "wewe ni nani?"

Na zote mbili zina kazi. Mashine ikifa ukaweka nyingine palepale, by-path itabaki ileile, kama opereta wa IBM alivyoizungushia namba 3 mashine ya akiba. Mashine ikihamishwa, by-id itaifuata popote iendako. Kwa nakala ambazo maisha ya taasisi yanazitegemea, wengi huchagua by-id.

Ukisimama mbele ya seva leo

Tuseme umekabidhiwa seva ya Linux, na aliyekutangulia ameshaondoka. Hatua zenyewe ni mfululizo wa kuuliza, ukianzia na maswali yasiyoweza kuharibu kitu.

Amri ya lsscsi, iliyoandikwa na Douglas Gilbert, inakupa muhtasari wa majibu yote ya INQUIRY. Mstari wa kanda unaweza kuonekana hivi:

[6:0:3:0]  tape  HP  Ultrium 5-SCSI  Z64D  /dev/st0

Zile tarakimu nne ni anwani: kidhibiti, njia, nafasi, na kitengo ndani ya nafasi hiyo. Neno linalofuata ni aina ya kifaa. Kisha mtengenezaji, modeli, toleo la programu ya ndani, na mwisho jina la foleni. Ukiona kistari mahali pa /dev/st0, maana yake kifaa kimejibu ila draiva ya st haijapakiwa. Modprobe st kwa kawaida inatosha. Na ukiona neno mediumx, hiyo ndiyo roboti.

Usipoona mstari wowote wa kanda, usikimbilie programu. Kifaa hakijajibu kabisa. Angalia umeme, kebo na kadi.

Baada ya hapo omba namba ya siri ya utengenezaji kwa sg_inq, ukitaja ukurasa 0x80, na uilinganishe na kibandiko kilichoko kwenye mashine. Andika majibu. Kisha mt -f /dev/nst0 status itakuambia kama kanda imo, kama imezuiwa kuandikwa, na msimbo wa uzito wa maandishi. Kwa mfano, 0x58 ni LTO-5.

Kizazi ni sehemu ya utambulisho pia. Familia ya LTO, iliyoanza kuuzwa mwaka 2000 ikiwa na gigabaiti 100 kwa katriji, ilifika terabaiti 18 kwa LTO-9 mwaka 2021. Kwa miaka mingi mashine za LTO zilisoma vizazi viwili vya nyuma. Kuanzia LTO-8 hilo lilikoma: LTO-8 inasoma LTO-7 na LTO-8, na LTO-9 inasoma LTO-8 na LTO-9. Taasisi yenye rafu ya kanda za LTO-5 na mashine mpya ya LTO-9 ina plastiki nyingi na data sifuri, mpaka itafute mashine ya zamani.

Kama kuna roboti, linganisha hesabu zake na za Linux kwa vitendo. Iagize iweke kanda tupu kwenye mashine yake 0, halafu uulize kila nst, moja moja, nani ana kanda tumboni. Atakayejibu ONLINE ndiye. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na haiandiki hata baiti moja.

Mali bila daftari

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha mwisho wa mambo haya yanapopuuzwa. Mwezi Julai 1969, Apollo 11 ilipotua mwezini, vituo vya kupokea mawimbi vilirekodi data yake kwenye kanda za sumaku, pamoja na picha za televisheni zenye ubora kuliko zile zilizorushwa kwa watazamaji duniani. Miaka mingi baadaye watu wakaanza kuzitafuta. NASA walipekua maghala na kumbukumbu, na mwaka 2009 wakatoa hitimisho lao: kanda hizo huenda zilifutwa na kutumiwa tena. Hakuna mashine iliyoharibika na hakuna aliyekusudia ubaya. Kanda zilihitajika, na zile zilikuwa kanda miongoni mwa kanda.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo katriji ya LTO ina chipu ndogo inayohifadhi historia yake, kibandiko chenye mistari ya kusomwa na skana, na mashine inayojibu kwa namba yake ya kipekee. Kifaa kimefanya sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la seva: mashine hii, namba hii ya utengenezaji, jina hili la by-id, mashine 0 ya roboti ndiyo hii, kanda za mwaka fulani ziko rafu ile, mara ya mwisho tulijaribu kurudisha faili tarehe fulani. Kama seva ya chuo au ofisi yenu ina mashine ya kanda, nenda kaangalie kama karatasi hiyo ipo. Kama haipo, anza na lsscsi.